Nani Arithi Shangri-La?

Lost Horizon, filamu aliyoiongoza Frank Capra mwaka 1937, hukumbukwa kwa bonde lake la peponi. Anayetaka kuijadili kwa haki aanze kabla ya bonde, kwenye uwanja wa ndege wa Baskul, nchini China. Mapigano yamefika mjini. Mwanadiplomasia Mwingereza Robert Conway, anayeigizwa na Ronald Colman, ana kazi ya kuwaondoa Wazungu 90. Wenyeji wamefurika uwanjani, nao wanataka kupanda, lakini wanasukumwa nyuma. Taa zinapozimika, Conway anaagiza banda la ndege litiwe moto ili marubani waone pa kutua. Ndege ya mwisho inamchukua yeye, mdogo wake George na abiria wengine watatu.

Angani Conway anakunywa. George anamsifu kwa kazi aliyoifanya. Conway, ulimi umeshalegea, anamuuliza kama ameandika kwenye ripoti kwamba waliokoa Wazungu 90, kisha anamuuliza kama ameandika pia kwamba waliwaacha wenyeji 10,000 waangamizwe. Hapana, anajijibu mwenyewe, hao hawahesabiwi.

Haikuwa kawaida kwa Hollywood ya miaka ya 1930 kumpa shujaa wake maneno kama hayo. Anayeikumbuka Kigali ya Aprili 1994, wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji wakiwasindikiza raia wa kigeni hadi ndegeni huku Wanyarwanda zaidi ya 2,000 waliojihifadhi katika shule ya ETO, Kicukiro, wakiachwa mikononi mwa wauaji, hatahitaji maelezo zaidi.

Baada ya hapo filamu inageuka ngano. Ndege imetekwa na rubani asiyejulikana, inaanguka kwenye theluji ya Tibet, na mzee mpole aitwaye Chang anatokea na watu wake kuwachukua manusura. Wanapita mlango mwembamba wa mwamba na kuingia Shangri-La, bonde lenye jua, mashamba na jumba la watawa lililoko juu ya kilima. Magonjwa ni machache, watu wanaishi miaka mingi kupita kiasi, askari na polisi hawapo. Lama Mkuu, kiongozi wa watawa hao aliyeanzisha makazi hayo, ni padri kutoka Ulaya mwenye zaidi ya miaka 200, na anaigizwa na Sam Jaffe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu.

Wanaoitetea filamu hii wana hoja nzito, na hoja yao ya kwanza ni kalenda. Ilizinduliwa San Francisco mwezi Machi 1937. Italia ilikuwa imeingia Addis Ababa mwaka uliotangulia, Hispania ilikuwa inawaka, na miezi minne baadaye Japani ingeanza vita kamili dhidi ya China. Wamarekani walikuwa hawajatoka kwenye mdororo mkuu wa uchumi. Katika hali hiyo Lama Mkuu anamwambia Conway kwamba dunia imepagawa na silaha, kwamba wenye nguvu watatafunana wao kwa wao, na kwamba vitabu, muziki na upole lazima vihifadhiwe mahali mpaka tufani ipite. Mtazamaji wa wakati ule alikuwa akisoma habari za jambo hilohilo magazetini. Miaka miwili na nusu baadaye Ulaya iliingia vitani, kwa hiyo hata anayeicheka hotuba ile kwa ulaini wake hawezi kusema ilikosea.

Hoja ya pili ni ile siasa ya kadiri. Chang anaeleza kwamba wao hutawala kwa ukali wa wastani na kuridhika na utii wa wastani. Ukiukaji wa sheria ni mdogo kwa sababu kila mtu ana vya kumtosha. Ni siasa nyepesi, ya kwenye kochi, lakini kwa mwaka ambao Hitler, Stalin na Mussolini wote walikuwa madarakani, kusifu utii wa wastani halikuwa jambo dogo.

Lipo pia jambo la ufundi, nalo nitalipita haraka. Bajeti ilikuwa dola milioni 1.25 na ikavuka milioni 2, kiasi kilichoitikisa Columbia, studio ambayo haikuwa na utajiri wa wapinzani wake. Matukio ya theluji yalipigwa ndani ya ghala la baridi la Los Angeles ili pumzi za waigizaji zionekane. Filamu ilipata Oscar mbili, ya uhariri na ya usanifu wa mandhari. Graham Greene, alipoihakiki wakati ule, alisema pepo hii inafanana mno na nyumba ya kifahari ya mwigizaji huko Beverly Hills. Ukiliangalia lile jumba jeupe la mistari mirefu, na bwawa lake mbele, Greene hakuwa akionea mtu.

Kejeli hiyo ndiyo inayofungua mlango wa lawama. Lawama ya kawaida ni kwamba hii ni ndoto ya kikoloni: Tibet imegeuzwa pazia la nyuma, Chang anaigizwa na H. B. Warner, Mwingereza aliyepakwa vipodozi, na watu wa bondeni wanaonekana kwa mbali wakilima, wakichunga na kutabasamu. Yote ni kweli, ila kwa lawama hizo peke yake karibu kila filamu ya Hollywood ya wakati ule ingeanguka. Kinachonisumbua mimi kiko ndani ya hadithi yenyewe, mahali ambapo waandishi walikuwa huru kuamua vingine.

Chukua suala la maji. Kati ya abiria yumo Barnard, tapeli wa hisa anayesakwa na polisi. Bondeni anakutana na dhahabu tele, anaitamani, kisha anaiacha na kupata wito mpya: kuwatandikia wanakijiji mabomba, kwa sababu ameona wanavyohangaika kubeba maji kwa ndoo. Filamu inataka tufurahi kwamba mwizi ameokoka, na kweli Thomas Mitchell anaigiza kwa namna inayofurahisha. Lakini hebu tupige hesabu. Makao haya yamekuwepo kwa karne mbili. Yana dhahabu, na dhahabu hiyo imenunua vitabu, michoro na vyombo vya muziki kutoka pembe zote za dunia, vikapandishwa milimani juu ya migongo ya wapagazi. Lama ana maktaba ambayo chuo kikuu kingeionea wivu. Bomba la maji limemsubiri tapeli kutoka Marekani. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya mkubwa yenye bustani inayomwagiliwa huku mtaa wa chini ukipanga foleni kisimani anaijua serikali ya namna hiyo, hata ikijiita ya kadiri.

Zito zaidi ni suala la urithi. Lama Mkuu anajua anakufa na anahitaji mrithi. Chang amemtumikia kwa uaminifu. Kuna watawa, kuna wasomi, kuna bonde zima la watu waliozaliwa hapo. Anayechaguliwa ni Conway, kwa sababu Sondra, mwanamke mzungu aliyelelewa humo, alisoma vitabu alivyoviandika Conway na kushauri aletwe. Kuletwa kwenyewe ni kutekwa nyara. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa tiba imeandaliwa kwa namna kwamba mwenyeji hajaulizwa hata anaumwa nini. Chang anapokea uamuzi kwa utulivu ule ule anaomiminia chai.

Watetezi hujibu kwamba Conway anachaguliwa kwa ajili ya dhamiri yake, yule yule aliyelia ndegeni kwa ajili ya watu 10,000. Jibu hilo lina uzito, na kwa kweli ndilo linaloishikilia filamu isianguke. Ila ona dhamiri hiyo inafanya nini ikishafika bondeni. Conway anapanda farasi, anapendana na Sondra, anasikiliza falsafa. Haulizi tena habari za Baskul, wala nani amebaki nje ya mlango wa mwamba. Pepo inayohifadhi Mozart kwa ajili ya vizazi vijavyo haikuwa na nafasi hata ya mkimbizi mmoja kutoka uwanja ule wa ndege, na mtu aliyewataja wakimbizi hao anakubali kuwa mtawala wake bila kulisema hilo.

Anayeuliza ni George. John Howard anamwigiza kama kijana wa kelele na jazba, kiasi kwamba mtazamaji anamchoka mapema. Hata hivyo yasikilize anayosema: tumetekwa, tunadanganywa kuhusu wapagazi wa kuturudisha, hakuna anayetueleza lini tutaondoka, na huu umri wa miaka 200 umethibitishwa na nani? Ni maswali ya mtu mzima mwenye akili timamu. Chang, kila akiulizwa kuhusu wapagazi, anateleza. Filamu ingeweza kumwacha George akae na shaka yake. Badala yake inamwadhibu. Anaondoka na Maria, binti anayedai kuwa kijana ilhali Chang amesema alifika karne ya 19, na Conway anayumba, anawafuata. Njiani wapagazi wanawafyatulia risasi kwa mzaha mpaka maporomoko ya theluji yanawafunika wapagazi wenyewe. Maria anazeeka ghafla na kufa. George anaona uso wake, akili inamruka, anatumbukia korongoni. Shaka imejibiwa kwa maiti. Na wale wapagazi, watu pekee wa tabaka la kazi waliopewa nafasi ya kufanya jambo katika hadithi, wamegeuka wahuni wanaocheka.

Hapo upande wa lawama unaelekea kushinda, na mimi niko karibu nao. Kinachonizuia nisiitupe filamu hii ni yaliyoipata baadaye. Toleo la kwanza lililoonyeshwa kwa majaribio Santa Barbara mwaka 1936 lilichukua zaidi ya saa tatu, watu wakacheka pasipotakiwa, na Capra akapunguza hadi dakika 132 za uzinduzi. Huo ulikuwa uhariri. Makato yaliyofuata yalikuwa kitu kingine. Hotuba ya Conway akiwa amelewa ikaondolewa. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, filamu ilirudishwa sinema kwa jina jingine bila hotuba hiyo, na Capra alilalamika kwamba bila tukio hilo hadithi haina maana. Mwaka 1952, hofu ya ukomunisti ikiwa kileleni, ilipunguzwa tena hadi dakika 92, na maelezo ya bonde yaliyonukia ujamaa yakapungua. Mwaka ule ule wa 1942 Rais Roosevelt, alipoulizwa ndege zilizoishambulia Tokyo zilitokea wapi, alijibu kwa utani kuwa zilitokea Shangri-La. Jina la bonde lisilo na jeshi likawa mzaha kuhusu mabomu, kisha likapewa meli ya kubeba ndege za kivita. Mwaka 2001 China nayo ililipa wilaya ya Zhongdian, mkoani Yunnan, jina hilo ili kuvuta watalii.

Kwa hiyo wanaoiita Lost Horizon filamu ya kujifariji tu waulizwe waliona toleo gani. Waliokata walijua walichokuwa wakikata. Walibakiza jumba, mapenzi na theluji, wakaondoa hesabu ya watu 90 na 10,000. Katika toleo fupi Conway ni mtalii mchovu aliyepata hoteli nzuri.

Kazi ya kuikarabati ilianza 1973 na ikachukua miaka 13. Sauti ya dakika zote 132 ilipatikana. Picha zilipatikana za dakika 125, na mahali pa zile saba zilizopotea wakarabati waliweka picha mnato huku maneno yakiendelea kusikika. Hilo ndilo toleo la kutazama, pamoja na usumbufu wa kusikiliza watu wasiosogea. Ukilitazama utagundua kwamba filamu iliwaona watu wa uwanjani kabla wahakiki wake wengi hawajazaliwa, ikawataja kwa idadi, kisha ikapanda mlimani bila wao. Watetezi wanaridhika na kule kutajwa. Mimi sijaridhika, kwa sababu Capra na mwandishi wake Robert Riskin walikuwa na zaidi ya saa moja na nusu ya kurudi kwao, wakaitumia kutafuta Mwingereza wa kukabidhiwa funguo.