Kipimo Kilisomaje?

Alhamisi iliyopita, katika ibada ya jumuiya yetu hapa Moshi, mzee mmoja alisimama kutoa ushuhuda kwamba tangu aombewe mwezi uliopita ameacha vidonge vya presha, na kwamba mwili wake sasa ni mwepesi kama wa kijana. Tulipiga makofi, tukaimba ubeti mmoja, na kabla hatujakaa nikauliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: "Mzee wetu, tunamshukuru Mungu pamoja nawe, na kipimo kilisomaje?" Sebule nzima ikanyamaza. Mwenyekiti wa jumuiya, mama ninayemheshimu sana, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mambo ya Mungu hayapimwi," kisha tukaendelea na sadaka.

Nimekaa na jibu hilo wiki nzima, na kila nikilitafakari naona halina kwao katika Biblia tunayoisoma. Katika Mathayo 8, Yesu anapomtakasa mwenye ukoma, anamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka aliyoiamuru Musa, na kuhani huyo hakuwa mtu wa kukisia. Walawi 13, sura ambayo nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nairuka, inaeleza kazi yake kwa undani wa kuchosha: anaangalia rangi ya nywele mahali palipougua, anaangalia kama pigo limeingia ndani kuliko ngozi, na asipokuwa na hakika humtenga mgonjwa siku 7, akamwangalia tena, na ikibidi akamtenga siku 7 nyingine. Hakuna mahali ambapo kuhani anaambiwa ana imani haba kwa sababu anasubiri siku ya saba. Aliyeponya ndiye aliyeagiza uchunguzi.

Tena kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kumbukumbu la Torati 6:5 inatuagiza kumpenda Mungu kwa moyo, kwa roho na kwa nguvu; Yesu anapoirudia amri hiyo katika Mathayo 22:37, mahali pa nguvu panasomeka "kwa akili zako zote". Kwa hiyo Mkristo anayeiacha akili mlangoni pamoja na viatu anakuja kuabudu akiwa amepungukiwa na kitu alichoagizwa kuja nacho.

Kinachonishangaza ni kwamba akili hizo tunazo, na tunazitumia palepale kanisani. Jumapili baada ya ibada, wakati wa mnada, mtazame mama anayetaka kununua mkungu wa ndizi ulioletwa kama sadaka: anauinua kuupima uzito, anabonyeza ndizi za chini, anauliza umekatwa lini, na akifika kwenye mayai huchukua moja na kulitikisa karibu na sikio. Hakuna anayedhani kwamba amemdharau aliyetoa sadaka. Lakini mama huyohuyo, akiambiwa kwamba chupa fulani ya mafuta itamfungulia mwanawe mlango wa ajira, huona kwamba kuuliza ni dhambi.

Mwaka 2011 watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro tulijipanga katika foleni ndefu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Sina neno baya la kumsemea mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu, na bei yake haikuwa bei ya mtu mwenye tamaa. Ninachokikumbuka ni namna sisi wenyewe tulivyohesabu. Aliyerudi akajisikia vizuri alisimulia sokoni, kwenye daladala na mbele ya usharika. Aliyerudi na hali ileile alinyamaza kwa aibu. Na aliyefariki hakuwa na namna ya kusimama kutoa ushuhuda. Tulisikia upande mmoja, tukadhani tumesikia wote.

Kuhusu Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, ambako watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako, sitaandika mengi, kwa sababu tunaishi na familia zao. Nitasema tu kwamba wengi wao walikwenda na shida za kweli, na anayewacheka hajafikiri vizuri kuliko wao.

Wapo wanaoamini kwamba tukiruhusu maswali, vijana watalikimbia kanisa. Niliwahi kufundisha kipaimara, na kijana mmoja akauliza kwa nini tuombe ikiwa Mungu anajua tayari tunachohitaji. Swali hilo limezuka katika Mathayo 6:8 kwenyewe, na lilistahili saa nzima. Aliambiwa akae chini aache ubishi. Aliyemkalisha ni mimi. Alipata kipaimara, na sijamwona tena kanisani.

Sisemi kwamba kila kitu kinapimika. Mashine ya presha haitasoma amani aliyonayo yule mzee, wala toba, wala msamaha, na msomi anayedhani kwamba imani ya bibi yake imekwisha kwa kuwa yeye ana shahada amechanganya mambo vilevile. Lakini aliyesema kwamba presha yake imeshuka amesema habari ya mwili, na habari ya mwili ina mahali pa kuulizwa. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema, ina maabara, na ndani yake watu huomba pia.

Baada ya ibada, tulipokuwa tukitafuta viatu mlangoni, yule mzee alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini zahanati ya huko chini hufunguliwa saa ngapi. Nikamwambia ni saa mbili asubuhi, na kwamba asinywe kahawa kabla ya kupima.