Mama Mkwe na Fomu ya Viza

Mimi nimelelewa Tanga, na kwetu mkwe haulizwi maswali. Ukikutana na mama mkwe njiani unasogea pembeni na kumwamkia huku umeinamisha macho, na akikuuliza kama umekula unajibu kwamba umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Sijui basi nilimkosea nani hata nikaangukiwa na kazi ya kumjazia mama mkwe wangu, Mjamaika wa miaka 71 anayeishi Mandeville, fomu ya viza ya kuja Birmingham kumwona mjukuu wake.

Fomu hujazwa kwenye intaneti, nami nikawa namsomea maswali kwa simu. Lililonitoa jasho mapema lilikuwa la fedha: ana akiba kiasi gani, anapata kiasi gani kwa mwezi na anatumia kiasi gani. Nilikohoa mara tatu kabla ya kulitamka. Simu ikanyamaza kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi. Tukasogea hadi pale mwombaji anapotakiwa kusema kama amewahi kushiriki ugaidi, uhalifu wa kivita au mauaji ya kimbari. Mama wa kanisa, aliyefundisha chekechea maisha yake yote, anaulizwa na mkwewe siku ya Jumapili kama amewahi kuangamiza watu! Akajibu, "Bado, mwanangu, lakini kuna jirani hapa ana mbwa asiyelala."

Kisha ikabidi athibitishe kwamba atarudi kwao. Hili lilimchekesha kuliko yote, kwa sababu hakuweza kumfikiria mtu mwenye akili timamu anayeuacha mshelisheli wake uani ili abaki Birmingham mwezi wa Februari, na akashauri tuambatishe picha ya mti huo. Baba yake mdogo, alivyonisimulia, alishuka melini Uingereza mwaka 1956 akiwa na sanduku moja na kofia, wala hakuna aliyemwuliza atarudi lini. Sheria ya kuwazuia watu wa makoloni ilikuja mwaka 1962.

Kinachoniudhi ni kwamba Mfalme Charles ni mfalme wa Jamaika vilevile, na rufaa ya mwisho ya Jamaika husikilizwa na majaji wanaoketi London. Maana yake ni kwamba mama mkwe akimshtaki yule mwenye mbwa, kesi yao inaweza kufika London kabla yake, na haitaulizwa ina akiba gani benki. Wabarbados, wenzao wa Karibi, walimwondoa Malkia mwezi Novemba 2021 wakawa jamhuri, na bado huingia Uingereza bila viza. Mwaka 2025, nilipokuwa nikihangaika na fomu hii, wao walihitaji kibali cha kielektroniki cha pauni 16 tu. Wajamaika, waliobaki na Mfalme wao, wanadaiwa viza tangu Januari 2003, na ya kwetu ilikuwa pauni 127, ambazo ukinyimwa viza hazirudi. Kumbe uaminifu nao una bei yake.

Nilidhani aibu yangu imekwisha tulipofika ukurasa wa mwisho. Lakini kwa kuwa mimi ndiye niliyesema nitagharimia safari, ilibidi niambatishe taarifa yangu ya benki ya miezi sita, na mke wangu, bila kunishauri, akamtumia mama yake nakala ya kila kitu ili aende nayo Kingston siku ya kutoa alama za vidole. Jioni hiyo simu ililia. Mama mkwe alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mtoto, akauliza hali ya hewa, halafu nikasikia miwani ikitolewa kwenye kifuko chake.

"Mwanangu," akasema, "hizi pauni 84 za kuku wa kukaanga, mwezi mmoja tu, zina maana binti yangu hakupikii?"

Nilimjibu kwamba nimeshiba.