Rudisheni jina la Footscray

Baba yangu hajawahi kulitamka jina la Western Bulldogs, klabu yetu ya mpira huku Melbourne, Australia. Kwake timu ni Footscray, jana, leo na keshokutwa. Klabu ilibadili jina mwishoni mwa mwaka 1996, nikiwa na miaka 16, na tangu hapo Mzee akiulizwa matokeo hujibu tu, "Footscray tumeshinda," au "Footscray tumelala," kisha anabadili mazungumzo. Kwa muda mrefu nilidhani ni ukaidi. Sasa nami nina watoto wanaovaa jezi ile ile nyekundu, nyeupe na buluu, na nimefika mahali pa kusema wazi kwamba Mzee ana haki. Jina lirudi.

Nianze na mahali penyewe. Footscray ni kitongoji cha magharibi mwa Melbourne, ukishavuka mto Maribyrnong. Baba alikuwa baharia wa Dar es Salaam aliyeamua kushuka nchi kavu, na mwaka 1984, nikiwa na miaka minne, alituleta mimi na mama. Ulikuwa mtaa wa viwanda na watu wa bandarini, Wagiriki, Waitaliano na Wavietnamu waliokuwa wakizidi kufungua maduka. Waafrika tulikuwa wa kuhesabika. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakikuuliza unakaa wapi, ukiwaambia Footscray uso unabadilika. Sisi watoto tulijifunza mapema kuitamka bila kuinamisha kichwa, na kilichotufundisha ni timu.

Mchezo wenyewe huku wanauita futi. Uwanja una umbo la yai na ni mpana kuliko wa soka, na mpira nao ni wa yai. Kila upande una wachezaji 18. Unaupiga kwa mguu, au unaushika kiganjani na kuupiga kwa ngumi kwenda kwa mwenzako. Kuurusha ni kosa. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zisizo na mwamba wa juu. Mpira ukipita kati ya mbili ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unapewa pointi 1. Na kuna jambo ambalo lilimfanya Baba asahau soka kwa siku nzima mara ya kwanza alipoliona: mtu anaruka, anapanda juu ya mabega ya mpinzani, anaudaka mpira huko juu, na kila kitu kinasimama ili apige kwa utulivu.

Uwanja wetu uliitwa Western Oval, karibu na reli, pale Barkly Street. Ulikuwa na upepo ambao kila timu ngeni iliulalamikia. Mechi ina robo nne, na kocha aliipanga kwa kufuata upepo: robo hii tuko nao, tufunge tuwezavyo, robo ijayo uko dhidi yetu, tuzuie. Tulisimama upande usio na paa. Mvua ikinyesha mama alinifunika kwa kanga juu ya koti, na bibi mmoja wa Kiitaliano aliyesimama jirani yetu kila wiki akanizoea hata akawa ananishikia pai yangu ya nyama nisije nikaidondosha. Sikuwahi kujua jina lake la pili. Nilijua tu kwamba timu ikifungwa alikuwa anapiga ishara ya msalaba, na mama upande wa pili anavuta uradi kwa sauti ya chini.

King'ora cha mwisho kikilia, watoto tuliruhusiwa kuingia uwanjani. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko goli lolote. Mamia ya watoto na baba zao wakipigiana mipira kwenye tope lile lile ambalo dakika chache zilizopita mchezaji wetu Doug Hawkins alikuwa akikimbia juu yake. Upande wa uwanja aliokuwa akiutawala uliitwa kwa jina lake. Baba alinipigia mpira wangu wa kwanza pale, akiwa na viatu vya kazini.

Oktoba 1989 tuliambiwa klabu imekwisha. Madeni yalikuwa mengi, na ligi ikatangaza kwamba Footscray itaunganishwa na Fitzroy, timu mpya iitwe Fitzroy Bulldogs na icheze Princes Park, upande wa pili wa mji. Nilikuwa na miaka tisa. Kilichofuata nimekiona kwa macho yangu. Shabiki mmoja, Irene Chatfield, alikwenda Mahakama Kuu kuuzuia muungano. Wakili kijana aliyeitwa Peter Gordon akaongoza kampeni ya kuiokoa klabu. Tulipewa kama wiki tatu kupata dola milioni moja na nusu. Kwa mtaa wa vibarua!

Mama alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa tundu kifunikoni kwa kisu, akanipa. Jumamosi nilisimama nalo nje ya soko la Footscray, Baba akiwa hatua tano nyuma yangu. Wauza samaki wa Kivietnamu waliweka. Vijana waliokuwa wamelewa waliweka. Mwanamke mmoja alifungua pochi, akatazama kilichomo, akatoa noti ya dola mbili, akatazama tena, akatoa na sarafu zote zilizobaki, akaondoka kwa miguu badala ya kusubiri basi. Sijamsahau. Watu walikusanyika Western Oval kwa maelfu kuahidi walichoweza, na pesa ikapatikana. Muungano ukafa. Footscray ikabaki Footscray.

Sasa mtu anaponiambia kwamba jina ni suala la biashara tu, mimi namwona yule mwanamke na pochi yake.

Miaka iliyofuata haikuwa ya makombe. Klabu ilikuwa na ubingwa mmoja tu katika ligi kuu, wa mwaka 1954, na wazee waliusimulia kana kwamba ulikuwa wa juzi: Charlie Sutton, nahodha na kocha kwa wakati mmoja, na kijana Ted Whitten. Whitten ndiye aliyekuwa Footscray kwa mwili na roho; alicheza mechi 321, zote kwetu. Juni 1995, akiwa mgonjwa wa saratani na macho yamekwisha kupoteza nuru, alizungushwa MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, ndani ya gari na mwanawe, huku uwanja mzima umesimama kumpigia makofi. Baba alilia mbele ya televisheni, mara ya kwanza kumwona akilia. Agosti mwaka huo Whitten akafariki, na Western Oval ikapewa jina lake.

Kisha ukaja mwaka 1996. Fitzroy, wale wenzetu tulionusurika kuunganishwa nao, walicheza mechi yao ya mwisho Septemba mosi huko Perth, wakafungwa kwa tofauti ya pointi 86, na kilichobaki kikaunganishwa na Brisbane. Klabu ya zaidi ya miaka mia ikatoka mjini kwake. Wakati huo huo kila mtu alikuwa akimwambia Chris Grant, mchezaji wetu bora, aende klabu ya Port Adelaide ambako kulikuwa na fedha nyingi zaidi. Mtoto mmoja shabiki alimwandikia barua ya kumwomba abaki, akaambatisha sarafu ya senti 20. Grant alibaki. Huku watu wanaisimulia hadithi hiyo na kutabasamu. Mimi naiona ni ya uzito kabisa, kwa sababu mtoto yule alifanya kile kile tulichofanya na kopo letu.

Na mwisho wa mwaka huo huo, jina la Footscray likaondolewa.

Hapa lazima nimweleze Baba vizuri. Mzee ni mtu wa Kariakoo, na ni Simba damu. Mwaka 1971, klabu yake iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilipogeuka kuwa Simba, alikuwa kijana na alishangilia mtaani. Basi mimi, nikiwa na ujuaji wa miaka 16, nikamuuliza: "Baba, mbona Sunderland ilibadilika na hukulalamika?"

Alinyamaza kidogo. "Sunderland ni mji wa Wazungu, mwanangu," akasema. "Sikuwahi kuufika, wala babu yako. Ile ilikuwa nguo ya kuazima, tukaivua tukavaa yetu. Hawa wamevua yao, wamevaa nini? Magharibi. Magharibi ni upande, si mahali. Magharibi ya nini?"

Nikambishia kwamba hata Footscray ni jina lililoletwa kutoka Uingereza, kutoka kijiji cha Foots Cray kilichokuwa zamani sehemu ya Kent. Nilikuwa nimesoma shuleni, nikadhani nimemkamata.

"Sawa," akasema. "Lakini hili tulilinunua. Si ulishika kopo wewe?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Msimu wa kwanza wa jina jipya, 1997, tulifika hatua moja kabla ya fainali. Tulicheza na Adelaide pale MCG na tukaongoza kwa mbali. Robo ya mwisho Tony Liberatore alipiga mpira, akageuka akishangilia, sisi nasi tukaruka. Mwamuzi wa goli akaonyesha kidole kimoja badala ya viwili. Pointi 1, si 6. Tukafungwa kwa tofauti ya pointi 2, na wiki iliyofuata Adelaide wakachukua kombe. Tulirudi kwa treni ya upande wetu, behewa zima la watu wenye skafu, hakuna aliyezungumza mpaka kituo cha Footscray.

Niliwahi kusikia mashabiki wakisema ni laana ya kuacha jina. Mimi siamini laana, maana miaka 42 ya ukame ilipita tukiwa na jina letu kamili. Sidai jina linafunga magoli.

Ninachodai ni hiki. Wanaotetea jina jipya husema klabu ni ya magharibi yote: Sunshine, St Albans, Werribee, Melton, watu ni wengi kuliko Footscray. Ni kweli ni wengi, na ni watu wetu, nusu ya ukoo wangu uko Werribee. Lakini tazameni klabu ya Collingwood. Ina mashabiki Australia nzima, na wengi wao hawajawahi kulala hata usiku mmoja kwenye mtaa wa Collingwood. Hawthorn imekwenda kucheza mechi zake nyingine hadi Launceston, kisiwani Tasmania, na jina la mtaa wake wa Melbourne halikumkera mtu. Richmond, Essendon, hivyo hivyo. Ni mtaa wetu tu ulioonekana haustahili kubebwa kifuani. Sisi tuliokulia pale tunaijua hisia hiyo: ule uso unaobadilika ukitaja unakokaa.

Na ubingwa ulipokuja, ulikuja kwa njia ya Footscray kabisa. Mwaka 2016 tulimaliza ligi nafasi ya saba, na hakuna aliyewahi kutwaa kombe kutoka nafasi hiyo. Tukawafunga West Coast kwao Perth, tukawatoa Hawthorn waliokuwa mabingwa mara tatu mfululizo, tukawafunga GWS (Greater Western Sydney) kwao Sydney kwa pointi 6. Fainali ilikuwa Oktoba mosi dhidi ya Sydney Swans. (Beki wao Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, aliikosa kwa sababu ya jeraha. Nilikuwa dhidi ya Swans kwa moyo wote, lakini kwa hilo roho iliniuma.) Tulishinda kwa pointi 22. Miaka 62!

Nahodha wetu, Bob Murphy, alikuwa ameumia goti mwanzoni mwa msimu na hakucheza. Kocha Luke Beveridge alipovishwa medali yake alimwita Murphy jukwaani, akaivua, akamvisha yeye. Pale sebuleni Mzee, mwenye redio sikioni ingawa televisheni ilikuwa mbele yake, alisema neno moja: "Ungwana." Kisha akatuambia tumpeleke Barkly Street. Magari yalikuwa yanapiga honi, watu wasiojuana wamekumbatiana katikati ya barabara. Sikusikia mtu akisema twendeni Western. Watu walikwenda Footscray, kwa sababu ndiko nyumbani kwa timu hii.

Kinachonipa matumaini ni kwamba jina halikufa. Kwenye karatasi za kisheria klabu bado ni Footscray Football Club. Western Bulldogs ni jina la kibiashara tu. Na tangu mwaka 2014 kikosi cha pili kinacheza ligi ya jimbo kwa jina la Footscray, kikatwaa ubingwa mwaka huo huo wa kwanza. Hakuna kitu cha kubuni wala cha kutafuta. Kilichopo kabatini kitolewe kivaliwe.

Siku hizi macho ya Mzee yamepungua nguvu. Kikosi cha pili kikicheza Whitten Oval huwa tunampeleka, mimi na binti yangu. Mara ya mwisho alisimama getini, akakunja uso kuelekea kwenye ubao wa matokeo.

"Wameandika nini pale, mjukuu wangu?"

"Footscray, babu."

"Na upepo unakwenda wapi?"

Binti yangu akalowesha kidole, akakiinua juu.