Sinyora Alikuwa Mwema, Lakini Mamangu Hakulipwa Haki Yake

Mamangu alifua, akapiga pasi na kupika katika nyumba moja ya Casuarina, hapa Malindi, kwa miaka 19. Tajiri wake alikuwa mwanamke wa Kitaliano ambaye sisi nyumbani tulimjua kwa jina la Sinyora tu. Alikuja Desemba, akaondoka kabla ya masika, akarudi Julai na Agosti. Miezi iliyobaki nyumba ilikuwa mikononi mwa mama na askari wa usiku.

Sinyora alikuwa mwema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Karo yangu ya sekondari alilipa yeye, miaka yote minne. Mama alipofanyiwa upasuaji, bili ililipwa kutoka Italia kabla hatujaomba. Kila mwisho wa msimu zilikuja nguo na mashuka. Kisha mwaka 2013 nyumba ikauzwa. Mama alipewa bahasha na friji, wakakumbatiana mlangoni, wote wawili wakilia. Mkataba hakuwahi kuwa nao. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, hakuandikishwa. Miezi ya masika alilipwa nusu mshahara miaka yote ile, na hakuna aliyemuuliza kama amekubali.

Nilipokuja kuisoma Sheria ya Ajira ya 2007, kwa sababu ya kazi yangu, nikakuta kwamba mfanyakazi wa mwezi ambaye hakuwekewa NSSF wala pensheni nyingine anastahili malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Lakini madai ya aina hiyo yana miaka mitatu tu ya kufikishwa mahakamani, nayo ilikuwa imeshapita. Nilimweleza mama. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, yule ndiye aliyekusomesha. Ningemshtaki kwa uso gani?"

Jibu lile silisahau. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 19 alijiona yeye ndiye mwenye deni. Wema aliotendewa ulimfunga mdomo. Zawadi hutoka kwa moyo wa anayetoa, na moyo wake ukigeuka, au nyumba ikiuzwa, huna pa kushika. Mshahara kamili, likizo na akiba ya uzeeni havingoji moyo wa mtu.

Leo mimi ni msimamizi wa nyumba nne za watu wanaoishi Ulaya. Wengi wao hawana nia mbaya. Wanafika hapa, wanaulizana wao kwa wao jirani analipa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinakuwa sheria. Wakirudi kwao wanatuma M-Pesa kwa mtu kama mimi, nami nagawa. Mtu anayeishi Milan hudhani kwamba sheria ya Kenya haimfikii. Inamfikia, kwa sababu kazi inafanyika hapa. Na wasimamizi wenzangu wajue hili: sheria inapomtaja mwajiri, inamhesabu pia wakala na msimamizi wake. Hatuwezi kujificha nyuma ya "mwenye nyumba hayuko".

Jambo la kwanza ni karatasi. Kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na jasho nalo ni mali. Andika kazi ni ipi, saa ngapi, mshahara gani, siku ya mapumziko ni lini. Kama mfanyakazi hasomi, asomewe kwa lugha anayoielewa. Kwa kawaida nampa karatasi aende nayo nyumbani, alale nayo, aonyeshe watu wake, ndipo tutie saini.

Pesa zenyewe si siri. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliongeza kima cha chini kwa asilimia 6. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, yaya au mtunza bustani, katika miji iliyokuwa na manispaa kama Malindi, kima hicho kikawa shilingi 14,800 na ushei kwa mwezi. Mpishi na askari wa usiku wako juu zaidi. Kama hampi pa kulala, mwajiri anaongeza asilimia 15 ya nyumba, ambayo kwa kima hicho inafikisha kama 17,100. Kisha kuna NSSF, asilimia 6 kutoka kila upande, na ada ya nyumba inayokwenda serikalini, asilimia 1.5 kila upande. SHA, bima ya afya ya taifa, inakatwa kwa mfanyakazi, asilimia 2.75. Ukijumlisha, kinachomwongezekea mwajiri juu ya mshahara ni kama shilingi 1,300. Nimeketi na wenye nyumba za bwawa la kuogelea na mabawabu wawili, tukabishana juu ya hizo 1,300. Inaniuma kila mara.

Likizo ni siku 21 za kazi kila mwaka, kwa mshahara kamili. Siku moja ya mapumziko kila wiki. Sahani ikivunjika kwa bahati mbaya haikatwi kwenye mshahara. Sheria inaruhusu kukata pale tu mtu alipoharibu kwa makusudi.

Linalotumaliza hapa Malindi, hata hivyo, ni msimu. Mtu anaitwa kibarua. Anaingia Julai, anatolewa Septemba, anaitwa tena Desemba, na hivyo miaka kumi. Sheria haiishii kwenye jina alilopewa: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, na akiachishwa ana haki ya notisi ya siku 28. Machi 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa, nilisoma kwa macho yangu ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa mtunza bustani wa jirani. Nyumba imefungwa, usije tena. Kazi ya miaka saba ikaishia kwenye mistari miwili. Hakujua kwamba Malindi kuna mahakama ya ajira, wala kwamba kuna chama cha wafanyakazi wa nyumbani na mahoteli, KUDHEIHA. Alichukua panga lake akarudi kwao Ganze.

Tena tusiwanyooshee Wazungu peke yao kidole. Sisi wenyewe, pale mitaa yetu ya Barani, Maweni na Muyeye, tunachukua wasichana kutoka Magarini na Ganze, tunawalipa elfu nne au tano, wanalala jikoni, na tunasema tumewasaidia. Tunasema "ni kama mtoto wetu". Mtoto wetu gani anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na hajui likizo? Wakati huohuo tunalia, na tuna haki ya kulia, binti zetu waliokwenda Saudia wakinyang'anywa pasipoti na kunyimwa siku ya kupumzika. Uchungu ule ni mmoja. Msichana wa Ganze naye ana mama anayengoja simu.

Mwezi jana mwenye nyumba mmoja aliniandikia kutoka Bologna. Masika yanakuja, nyumba itakuwa tupu wiki kumi, mpishi aende kwao bila malipo kama miaka iliyopita. Nilimjibu kwa barua ndefu. Nilimwambia kwamba mpishi hana kosa kwa mvua kunyesha. Nikampangia: siku 21 ziwe likizo yake ya mwaka, yenye malipo. Wiki zilizobaki atakuwa akifungua madirisha nyumba ipate hewa, mbao zisioze kwa unyevu, na atanisaidia kusimamia fundi wa makuti. Mshahara uendelee. Nikamwandikia pia habari za mamangu, jambo ambalo sikuwahi kumwandikia tajiri yeyote.

Alikaa siku tatu bila kujibu. Ya nne akaniuliza anahitaji karatasi gani kumwandikisha mpishi NSSF. Jumamosi tulitia saini, mimi kwa niaba yake. Mpishi aliusoma mkataba mara mbili kwa sauti, akafika kwenye mstari wa likizo, akaweka kidole hapo, akaniuliza kama kweli hizo siku atalipwa.