Kuongeza muda wa kibali cha kebo: baraza la jiji limebaki na karata gani?

Baraza la jiji nchini Marekani linapoitisha kikao cha wazi kuhusu kuongeza muda wa kibali cha televisheni ya kebo, wananchi hupanga foleni kwenye kipaza sauti kulalamikia bili iliyopanda na chaneli zilizohamishiwa vifurushi vya bei ya juu. Wana haki ya kulalamika. Bahati mbaya, hayo ndiyo mambo ambayo baraza halina mamlaka nayo. Tangu 2015 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, inachukulia kwamba ushindani upo karibu kila mahali, kwa hiyo miji mingi haiwezi tena kudhibiti hata bei ya kifurushi cha msingi. Chaneli huchaguliwa na kampuni. Intaneti hupita kwenye waya uleule, lakini ada ya kibali, yaani sehemu ya mapato ambayo kampuni hulilipa jiji, haiigusi.

Aliyezoea leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya atauliza diwani anaingiaje hapo. Anaingia kwa sababu waya umetandazwa kwenye hifadhi ya barabara za jiji, na mwenye barabara ndiye anayetoa ruhusa. Yapo majimbo yaliyowanyang'anya madiwani kazi hiyo, Texas mwaka 2005 na California mwaka 2006, lakini kwingineko bado mkataba hujadiliwa mji kwa mji.

Utaratibu unatokana na sheria ya kebo ya 1984. Dirisha la mchakato rasmi hufunguka miezi 36 kabla ya kibali kwisha na hufungwa miezi 30 kabla. Kampuni ikituma barua ndani ya dirisha hilo, jiji lina miezi 6 kuanza kutathmini mahitaji ya wakazi na utendaji wa kampuni. Kampuni ikishawasilisha pendekezo lake, baraza lina miezi 4 kukubali au kutoa uamuzi wa awali wa kukataa, na likikataa kunafuata shauri lenye mashahidi na kumbukumbu. Katika shauri hilo hupimwa mambo manne: kampuni imetimiza masharti ya msingi ya mkataba? Ubora wa mawimbi, utatuzi wa malalamiko na utozaji bili vimeridhisha? Ina uwezo wa kifedha, kisheria na kiufundi? Pendekezo lake linakidhi mahitaji ya baadaye, gharama zikizingatiwa?

Kukosa moja tu kunatosha kunyimwa kibali. Hata hivyo, kwa mawili ya kwanza jiji haliwezi kutumia kosa ambalo halikulitolea taarifa na nafasi ya kulirekebisha. Hapo ndipo jiji hujikwaa. Miaka kumi madiwani wamepokea simu za wapiga kura, lakini hakuna barua hata moja kwenye jalada, na mbele ya jaji malalamiko ya mdomo hayana uzito.

Mfano mdogo ni waya wa muda unaolazwa juu ya nyasi kutoka kwenye kisanduku cha barabarani hadi nyumbani. Fundi anayeunganisha na kikosi cha kuuzika aghalabu ni wakandarasi tofauti; fundi akishawasha huduma, kazi huhesabika imekwisha, na waya hubaki hadi ukatwe na mashine ya kukatia nyasi. Mkataba mzuri huweka idadi ya siku za kuuzika, faini kwa kila siku ya kuchelewa, na ripoti ya kila robo mwaka. Ripoti hiyo iguse pia viwango vya FCC: simu kupokelewa ndani ya sekunde 30 kwa asilimia 90 ya wakati, uunganishaji wa kawaida ndani ya siku 7 za kazi, na ahadi ya fundi isiyozidi muda wa saa 4.

Upande wa fedha ndio mgumu zaidi. Ada ya kibali haiwezi kuzidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo, na msingi huo unapungua kadiri watu wanavyohamia video za intaneti. Kampuni zina hoja ambayo haifai kupuuzwa: ada huishia kwenye bili ya mteja, huku setilaiti ikiwa imesamehewa tozo za miji na sheria ya 1996, na Netflix hailipi ada hiyo. Mji wa Maple Heights ulijaribu kuidai, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio iliukatalia. Kumbana mmoja tu kati ya washindani si haki kamili. Lakini hifadhi ya barabara ni mali ya umma, na anayeitumia kibiashara anapaswa kulipa kodi yake.

Kwa hiyo badala ya kupigania asilimia, baraza lipiganie tafsiri ya mapato. Tuseme kwa mwezi televisheni ni dola 90 na intaneti dola 70, na zikichukuliwa pamoja ni dola 130. Punguzo la dola 30 likibebeshwa televisheni peke yake, mapato ya kebo yanaandikwa dola 60. Likigawanywa kwa uwiano, ni takriban dola 73.13. Kwa wateja 4,000, sentensi moja ya mkataba ina thamani ya dola 31,500 za ada kwa mwaka.

Chaneli za umma, elimu na serikali, zinazotengwa kwenye kebo kwa ajili ya wakazi, shule na jiji, nazo zimo hatarini. Mwaka 2019 FCC iliamua kwamba huduma nyingi ambazo kampuni hulipatia jiji badala ya fedha taslimu zihesabiwe ndani ya ile asilimia 5; mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ilipunguza makali kwa kusema zihesabiwe kwa gharama halisi ya kampuni, si bei ya soko. Fedha za kamera na studio bado ziko nje ya ukomo huo, mishahara haiko nje. Baraza likichanganya mafungu hayo mawili, kituo kitakuwa na vifaa vipya bila mtu wa kuviendesha.

Limebaki suala la muda. Philadelphia ilikubali miaka 15 na kampuni ya kebo ya Comcast mwishoni mwa 2015. Kampuni hudai muda mrefu kwa sababu unawahakikishia wawekezaji, na ni kweli kwamba mji unaotaka waya ufike mitaa yenye nyumba chache unahitaji mwekezaji mwenye uhakika. Mimi nisingevuka miaka 7, labda 10 kama kampuni imeahidi kwa maandishi kufikisha waya kwenye mitaa hiyo, kwa majina na tarehe. Na hata katika 10 ningeweka kifungu cha kurudi mezani mwaka wa tano, au pale sheria ya ada inapobadilika. Barua ya mchakato rasmi ikija, ijibiwe kwa wakati hata kama pande zote zinapenda mazungumzo ya kawaida, kwa sababu mazungumzo yakivunjika baada ya dirisha kufungwa, baraza halitakuwa na jalada la kutegemea.