Huyu si kobe

Baba alikuwa kibarazani akirekebisha lema lake, kikapu cha kutegea samaki, lililotatuka pembeni, na binti yangu wa miaka 6 amekaa mkekani karibu naye, akimsomea kwa sauti. Kitabu cha picha, jalada gumu, rangi za kuvutia. Nilikinunua mjini asubuhi ile kwa pesa ambazo zingetutosha kitoweo cha siku mbili. Akafika ukurasa wa bahari. "Kobe anaogelea baharini," akasoma.

Baba akaacha kazi. Akaomba kitabu, akakisogeza mbali na macho kama ilivyo kawaida yake, akatazama kwa muda.

"Huyu si kobe, mjukuu wangu. Kobe ukimtia baharini atakufa maji. Huyu ni kasa. Tena ni ng'amba. Huoni mdomo ulivyochongoka kama wa mwewe? Huoni magamba yalivyopandana kama vigae?"

"Lakini babu, kimeandikwa kobe."

"Basi aliyeandika hajamwona."

Nilikitazama baadaye, mtoto amelala. Mchoraji alimwona ng'amba, au picha yake halisi, kwa kuwa alimchora sawasawa mpaka mpangilio wa magamba. Ni maneno yaliyomwangusha. Yaliletwa kutoka lugha nyingine, na aliyeyaleta alitosheka na neno la kwanza lililomjia. Kiswahili kina kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini, na ndani ya kasa kina majina zaidi, kwa sababu watu wa pwani hii waliishi na wanyama hawa wakahitaji kuwapambanua. Neno moja la uvivu likafuta yote hayo mbele ya mtoto anayejifunza kusoma. Na mtoto, kama mulivyosikia, alikiamini kitabu kuliko babu yake aliyevua miaka 40.

Tangu siku hiyo nimevipitia vitabu vyote vya picha tulivyonavyo nyumbani, na vingine nikavifungua dukani nikiwa nimesimama. Samaki. Ndege. Mti. Ua. Picha ya changu, chini yake "samaki". Picha ya tafi, chini yake "samaki". Katika kimoja kuna picha ya mkoko uliosimama kwa mizizi yake mirefu kama miguu ya kaa, na maneno yanasema "mti ndani ya maji". Mama anayeuza samaki Marikiti angecheka, kisha angehuzunika. Tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Anayelijua jina lake anajua pia kwamba hashikwi ovyo. Jina lile limebeba onyo, mapishi, bei, na msimu wake. Ukilitoa ukaweka "samaki", umemwachia mtoto picha nzuri isiyo na kitu ndani.

Mimi naona kitabu cha picha cha mtoto mdogo kina kazi moja iliyo juu ya nyingine zote, nayo ni kumpa majina. Kwa kawaida kina kurasa 32, maana karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa mpaka itoe kurasa 16, na mbili za namna hiyo hufanya kitabu kimoja. Ukitoa jalada la ndani na ukurasa wa haki za mchapishaji, hubaki nafasi ya maneno mia chache. Humo hamna pa kuweka neno lililookotwa.

Nimeambiwa na mtu anayefanya kazi ya vitabu kwamba jina kama ng'amba halitaeleweka bara, na kitabu lazima kiuzwe Kenya nzima. Sikubali. Watoto wa Mombasa wanamjua dubu na pengwini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana nao njiani. Walifundishwa na kitabu. Ikiwa mtoto wa Kisauni anaweza kujifunza pengwini, mtoto wa Kitale anaweza kujifunza ng'amba, na atafurahi kama wenzake. Hata sisi tuna mengi ya kujifunza kutoka kwao, majina ya miti na ndege wa huko ambayo sijayaona katika kitabu chochote.

Na ng'amba huyo, ukimfuata, atakufikisha mbali. Karibu miaka 2,000 iliyopita kulikuwa na mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki, ukieleza bandari za Bahari ya Shamu na za pwani hii yetu. Miongoni mwa bidhaa zilizochukuliwa huku zimetajwa pembe za ndovu, pembe za vifaru, na magamba ya kasa. Mwandishi yule anasimulia pia kisiwa kimoja ambako watu walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na walikuwa wakiwanasa kasa kwa vikapu vilivyofungwa kwenye milango ya maji, baina ya mawimbi yanapopasuka. Nilimsomea Baba habari hii. Akanyamaza, kisha akaliinua lema lake na kulitazama kana kwamba amerudishiwa kitu kilichopotea. Vikapu vya kutegea bahari! Yeye alijifunza kuvisuka kwa babake, naye kwa babake. Leo kasa analindwa na sheria, wala hakuna ruhusa ya kumtegea, na ni vyema iwe hivyo. Lakini hebu fikiria kurasa mbili zilizofunguka pamoja: kushoto mvuvi wa zamani zile na kikapu chake, kulia babu wa leo na lema lake. Mtoto angeielewa historia kabla ya kujua kuhesabu karne.

Hapa ndipo ninapoona tunakosea tunapotenga "kitabu cha wanyama" na "kitabu cha historia" kama kwamba ni rafu mbili zisizojuana. Katika mji huu haviwezi kutengana. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Ngome ya Yesu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593, na Waomani walioizingira kuanzia 1696 mpaka wakaitwaa 1698. Yeye hakujali mizinga. Alisimama kwenye ukuta akapapasa jiwe, akaniita: "Mama, hili jiwe lina nyota ndani." Nikainama. Kweli, zilikuwa nyota, vidoa vidogo vyenye miale, mamia kwa mamia. Lilikuwa tumbawe.

Tumbawe ni nyumba ya mnyama. Ni kiumbe mdogo mwenye mwili laini, hujijengea kikombe cha chokaa baharini, na akifa kikombe hubaki, mwenziwe akajenga juu yake, na mwengine juu ya huyo, kwa maelfu ya miaka. Ngome imesimama juu ya mwamba wa viumbe hao na kuta zake zimejengwa kwa mawe yao. Nyumba za Mji wa Kale ni hivyo hivyo. Chokaa iliyozipaka ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba: boriti ya mkoko ina kikomo chake, na upana wa chumba haukuzidi mita 3 hivi. Mti wa majini uliamua ukubwa wa sebule ya bibi yako! Hata saruji ya Bamburi iliyojenga nyumba zetu mpya za huku Kisauni imetokana na mawe ya matumbawe ya kale. Mji mzima umejengwa na wanyama wasioonekana kwa urahisi, na bado sijaona kitabu cha picha cha Kiswahili kinachomwambia mtoto hivyo. Nikipata mchoraji, hicho ndicho kitabu cha kwanza ninachotaka.

Cha pili kingekuwa cha jongoo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji kule Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu na jua kali. Mvinje ukashika. Ila majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Aliyeufungua mkwamo ule ni jongoo. Walitiwa mle, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Baadaye ikafuata miti mingine, ndege, vipepeo. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kule Bamburi jongoo hakutupwa, na mti ukapatikana. Watoto wa skuli hupelekwa huko kwa mabasi kila muhula, wakawatazama twiga na mamba, wakarudi. Jongoo wanamkanyaga njiani.

Ni humo humo, machimbo yale yanayoitwa sasa Haller Park, alimoletwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mkubwa aitwaye Mzee kama anayemfuata mzazi. Hadithi yao ilitiwa kwenye kitabu cha picha mwaka 2006 ikasomwa na watoto wa nchi nyingi. Huyo, kwa hakika, ni kobe. Nasikia fahari kwamba dunia ilimjua kiboko wetu. Ningependa tu mtoto anayekaa Kibokoni, mtaa ambao jina lake lenyewe lina kiboko ndani, aisikie kwanza kwa lugha ya nyanya yake.

Sisemi ngano zifutwe. Sungura mjanja abaki na ujanja wake, fisi na tamaa yake, na tukiitikia "pakawa" tuitikie kwa nguvu. Mtoto anajua vizuri kabisa lini ni hadithi njoo, uwongo njoo, na lini anaambiwa jambo la kweli. Ila la kweli likisemwa, lisemwe kweli.

Majira nayo. Vitabu vingi vya kutafsiriwa vina theluji, majani mekundu yanayopukutika, kisha maua yanayochipua. Binti yangu anaweza kukutajia misimu minne ya Ulaya. Kaskazi na kusi aliyasikia kwa Baba tu, na hakuna picha aliyowahi kuonyeshwa ya pwani yetu wakati wa kusi, bahari imechafuka, mashua zimevutwa juu, samaki wamepanda bei. Wala ya majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na kurudishwa na kusi, mwaka baada ya mwaka. Upepo ule ndio uliotuletea mengi ya maneno tunayosema.

Kuhusu historia nina neno moja zaidi. Vitabu vya watoto wadogo juu ya Mombasa huanza na mizinga, kama kwamba mji uliamka siku Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331. Aliwaona watu wanaokula ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, ikiwa na visima mlangoni na kata yenye mpini wa kuchotea. Kila anayeingia huosha miguu akaifuta kwa kipande cha mkeka. Akataja na tunda moja tamu linalofanana na zeituni, lenye kokwa. Watu wengi huliona kuwa zambarau. Kwa mtoto ambaye ulimi wake umegeuka rangi kwa zambarau alizonunua langoni mwa skuli, ni utangulizi gani wa historia ungekuwa bora? Au twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415, akadhaniwa kuwa mnyama wa heri wa hadithi zao. Alikula nini safarini? Alisimama vipi chombo kilipoyumba? Haya ndiyo maswali ya umri wa miaka 6.

Najua rangi ni ghali kuchapa. Najua sheria ya mwaka 2013 iliongeza VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, na mzazi mwenye elfu moja mkononi hununua cha mtihani kwanza. Lakini neno sahihi halina gharama zaidi ya neno lisilo sahihi. Kinachotakiwa ni mhariri kuvuka feri, akakaa nusu siku na wavuvi wa Likoni kabla kurasa hazijaenda kiwandani.

Kwa sasa tumeanza daftari letu. Binti yangu anachora, Baba anataja, mimi naandika chini ya picha. Tumeshamaliza kasa na ng'amba, changu, tafi, pweza, ngisi. Wiki hii tumeingia mikokoni: mkoko wenyewe, ambao mche wake huota ukiwa bado juu ya mti kisha hudondoka kama mkuki na kujichoma topeni, mkandaa, mlilana, halafu ule unaotoa mizizi ya kupumulia juu ya tope, imesimama wima kama penseli nyingi. Baba akasema huo ni mchu. Jirani yetu bibi mmoja, mzaliwa wa Lamu, alikuwa amekuja kuazima kibao cha mbuzi, akasema kwao huitwa mtu. Binti yangu akaacha kuchora. "Mti unaitwa mtu?" Wakashindana hapo kibarazani mpaka adhana ya magharibi, kila mmoja na lake.

Nimeyaandika yote mawili.