Kabla ya Kumtuliza Farasi, Sikiliza Moyo Wake

Usiku ule nilimkuta farasi jike wa rangi ya damu ya mzee akigaagaa kwenye matandiko ya nyasi, jasho limemlowesha kutoka shingoni hadi kifuani, kila mara akigeuka kujitazama ubavuni. Tumbo lilikuwa likimsokota tangu magharibi. Daktari alikuwa njiani. Mwenye farasi, kwa huruma tupu, alikuwa ameshamdunga asepromazini, dawa ya kutuliza, ili apoe kidogo. Nilimfunua mdomo wa juu, nikaona ufizi umepauka kama majivu. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, nikaachia, nikahesabu. Kwa farasi mwenye afya, rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde 2. Kwa huyu nilifika 4 ndipo ikaanza kurudi, tena kwa uvivu. Muda si mrefu miguu ya nyuma ikamlegea, akaporomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Alfajiri hatukuwa naye tena.

Siwezi kuapa kwamba ni sindano ile iliyomuua. Utumbo uliojisokota huua farasi hata asipoguswa. Lakini nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka mingi, upande huu wa Ngong, na tangu usiku ule sijaweza kunyamaza mtu akiita dawa hizi "za kupoza tu", kama vile zinaishia kichwani. Dawa ya kumtuliza farasi ni dawa ya moyo na mishipa pia, na anayeidunga bila kusikiliza moyo kwanza anacheza kamari na roho ya mnyama.

Hebu tuangalie kilichokuwa kikitokea ndani ya yule jike. Farasi wa kilo 500 ana damu ya lita 40 hivi. Tumbo likisokota vibaya, maji mengi huhama kutoka kwenye damu na kukwama ndani ya utumbo. Kilichobaki hakitoshi, kwa hiyo mwili unaibana mishipa midogo ili presha isianguke, na moyo unaanza kwenda mbio. Farasi aliyetulia mapigo yake ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yule alikuwa amepita 70. Sasa asepromazini, pamoja na kupoza akili, huilegeza ile mishipa. Yaani mnyama ameshikilia uhai wake kwa kuibana, nasi tunakwenda kuifungua. Presha hushuka, na dawa yenyewe hudumu kwa saa kadhaa, haiondoki upesi ukishajuta. Wala usidhani adrenalini itakuokoa: mbele ya asepromazini, adrenalini inaweza kuishusha presha zaidi, kwa sababu njia yake ya kubana mishipa imeshazibwa na ile ya kulegeza imebaki wazi. Ndiyo maana hata farasi mzima asiye na ugonjwa wowote, akidungwa dawa hii akiwa amepagawa na hofu, anaweza kuanguka. Adrenalini yake mwenyewe inamgeuka.

Nisieleweke vibaya, dawa yenyewe haina hila. Kuna uchunguzi mkubwa uliofuatilia farasi zaidi ya 41,000 waliolazwa kwa nusukaputi, matokeo yake yakachapishwa 2002. Waliotangulizwa asepromazini peke yake walionekana kufa kwa uchache zaidi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba hata ukiwatoa wagonjwa wa tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 alikufa ndani ya siku 7, na katika vifo vyote theluthi hivi ilitokana na moyo kusimama au mzunguko wa damu kuporomoka. Daktari anapoichagua kwa farasi aliyempima, mwenye damu ya kutosha, ni dawa nzuri. Mimi nalalamikia chupa inayokaa kwenye kabati la hatamu, ikingoja mtu yeyote mwenye bomba la sindano. (Na kama ni dume, kuna balaa lingine: uume unaweza kutoka na kushindwa kurudi, damu ikajaa humo. Nimeliona mara moja. Sitaki kuliona tena.)

Kundi la pili la dawa hizi za kutuliza ndilo tunalokutana nalo zaidi siku za kuwasaga farasi meno na za fundi wa kwato: zailazini, detomidini, romifidini. Zailazini iligunduliwa Ujerumani mwaka 1962, katika kampuni ya Bayer, watu wakitafuta dawa ya kushusha presha ya binadamu. Lakini ukimdunga farasi kwenye mshipa wa shingo, kwanza presha inapanda. Mishipa ya mwili mzima hujibana kwa ghafla, moyo unahisi ukinzani na kupunguza mwendo. Baadaye, kule kubana kukiisha, presha hushuka taratibu, mara nyingine chini ya ilipoanzia, na moyo bado unajikokota. Katika kipindi hicho damu inayosukumwa kila dakika inaweza kupungua kwa karibu nusu. Nusu! Na wewe uliyeshika kamba unaona kichwa kimeinama na mdomo wa chini umelegea, unasema, "Ah, sasa amepumzika."

Weka kipima moyo nyuma ya kiwiko chake cha kushoto usikilize mwenyewe. Du-dup. Du-dup. Du-dup. Halafu kimya. Kimya kirefu kinachokufanya ushike pumzi. Halafu du-dup. Umeme wa moyo umetoka chumba cha juu ukakwama njiani, pigo likarukwa. Farasi wa mashindano hufanya hivyo hata bila dawa akiwa ametulia, na akianza kutembea kimya hicho kinatoweka, kwa hiyo si kila kimya ni ugonjwa. Lakini ndiyo sababu unatakiwa umsikilize kabla ya sindano. Usipojua moyo wake ulivyokuwa ukipiga, utajuaje dawa imebadilisha nini? Na huku kwetu kuna farasi walionusurika ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kuuharibu moyo na mapafu. Kwa nje anang'aa, anakula vizuri. Mtu asiyemjua hawezi kukisia.

Kinachoniumiza roho zaidi ni haraka. Fundi amefika, ana farasi wengine wanne wa kushughulikia, sindano imeingia, dakika 2 zimepita, farasi bado anatingisha kichwa. "Mwongezee." Jamani, dawa hizi zinataka dakika 5 za kimya, bila mbwa, bila redio, bila mtu kumvuta hatamu. Ukiongeza ya pili kabla ya ya kwanza kushika, zote mbili zitamfikia moyoni pamoja, na kichwa kikiendelea kuning'inia damu inajaa puani hadi anakoroma kwa kukosa njia ya hewa. Kichwa kiegemezwe juu ya marobota ya nyasi au kishikwe. Hii ni kazi ya saisi, na saisi hawezi kuifanya kama hajaambiwa farasi amedungwa nini na saa ngapi. Mara ngapi nimeuliza nikajibiwa, "We shika kamba tu"?

Wa kwanza kuandika kipimo cha presha ya mnyama alikuwa mchungaji Mwingereza, Stephen Hales, na kitabu chake kilitoka 1733. Alimfunga farasi jike chali, akamtia bomba la shaba kwenye mshipa wa paja, akaunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, mita 2 na nusu. Ukiigeuza kwa vipimo vya leo inakaribia milimita 190 za zebaki, wakati farasi aliyesimama kwa amani huwa na wastani wa 110 hivi. Nikisoma habari hiyo huwa nawaza hofu ya yule jike kuliko kioo. Hofu nayo ni dawa yenye nguvu, iko ndani ya damu kabla hatujafungua chupa yoyote. Leo mkanda mdogo unaofungwa kwenye shina la mkia unatosha kupima, bila kumchana mtu wala mnyama.

Sasa nina daftari, liko kwenye mfuko wa koti. Wiki iliyopita daktari wetu alikuja kumsaga meno dume mzee wa miaka 22. Kabla ya sindano niliandika: mapigo 36, ufizi waridi, sekunde 2. Daktari akaniambia dawa na dozi bila kuulizwa, nikaandika na saa. Dakika 10 baadaye: mapigo 24, yanarukwa moja kila baada ya manne. Alitaka kuongeza kidogo ili amalizie meno ya nyuma. Nikamsomea ile namba. Akausikiliza moyo mwenyewe, akarudisha bomba mfukoni, akasema, "Haya, tumwache. Meno ya nyuma tutayamaliza siku nyingine." Nilimshika yule mzee kichwa begani kwangu, kizito kama gunia la pumba, mpaka saa 5 kasorobo alipoanza kutikisa masikio.